Umedai matengenezo Texas, umeletewa notisi: angalia tarehe

Wapangaji wengi wa Houston, Dallas, Fort Worth na Abilene wanaozungumza Kiswahili wana hofu moja: nikidai matengenezo, si nitafukuzwa? Sheria ya Texas inamkataza mwenye nyumba kukulipizia kisasi. Lakini hakimu hana namna ya kuingia moyoni mwa meneja akaona nia yake. Anachoona ni tarehe mbili: ulilalamika lini, na baada ya hapo ulifanyiwa nini, lini.

Kifungu chenyewe ni namba 92.331 cha Texas Property Code, yaani sheria ya mali ya jimbo. Kinakulinda ukidai haki iliyo kwenye mkataba au sheria, ukiomba matengenezo, ukipeleka malalamiko ya ubovu wa nyumba kwa jiji, kampuni ya umeme au maji, au shirika la kiraia, na ukijiunga na chama cha wapangaji. Kwa miezi 6 tangu siku ulipofanya hivyo, mwenye nyumba haruhusiwi, kwa ajili ya hilo, kukushtaki utolewe, kukuzuia kutumia nyumba, kukupunguzia huduma, kukupandishia kodi, kukatisha mkataba wala kukusumbua kwa makusudi.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapoumia, kwa sababu kinga hii ina matundu. Kubwa kuliko yote ni kodi. Kama unadaiwa siku unayopewa notisi ya kuhama, mwenye nyumba anaweza kukushtaki utolewe na isihesabiwe kisasi, hata kama dari limeanguka. Nimeona ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Usilipe mpaka watengeneze." Texas ushauri huo ni sumu. Lipa, tunza risiti, kisha dai. Tundu la pili: kodi ikipandishwa kwa jengo zima kwa utaratibu mmoja, hilo si kisasi. La tatu: ukipewa notisi kwamba mkataba unaisha na hautaongezwa, halafu ndipo ulalamike, umechelewa.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye barua ya kwanza. Kumwambia fundi uwanjani hakutoshi, na kupiga simu ofisini hakuachi alama. Andika barua fupi ya Kiingereza, hata kama si kizuri: tarehe, namba ya apatimenti, kilichoharibika, tangu lini, na kwamba kodi ya mwezi huu umelipa. Mfano wa maneno, ambayo utayaandika kwa Kiingereza: "Leo ni tarehe 3 Machi. Apatimenti 214. Maji yanavuja kutoka dari la bafuni tangu 24 Februari, na ukungu umefika chumba cha watoto. Kodi ya Machi nimelipa tarehe 1. Naomba mtengeneze." Basi. Usitukane, wala usieleze historia ya miaka mitatu.

Ipeleke mahali unapolipia kodi. Posta, sema unataka certified mail na return receipt. Utapewa kadi ndogo ya kijani ya kubandika kwenye bahasha. Anayepokea ataisaini, nayo itarudi kwako. Kadi hiyo ndiyo tarehe yako. Ina faida nyingine pia: kwa kawaida sheria inataka utoe taarifa ya pili ya maandishi kabla ya kwenda mahakamani kuhusu matengenezo, lakini ya kwanza ikienda kwa njia hii, ya pili haihitajiki. Baada ya kupokea, siku 7 huchukuliwa kuwa muda wa kutosha wa kutengeneza, isipokuwa ionyeshwe kwamba hali ilihitaji muda tofauti. Piga picha ya barua kabla ya kufunga bahasha.

Siku hizo 7 zikipita kimya, piga 311, namba ya huduma za jiji, kama uko Houston au Dallas uombe mkaguzi wa majengo, na uandike namba ya ombi lako. Ila usizidishe chumvi. Ukifungua kesi ya kisasi kwa msingi wa malalamiko uliyopeleka serikalini, na mkaguzi akawa ameandika kwamba hakuna kosa, sheria inaanza kwa kudhani ulilalamika kwa nia mbaya, na unaweza kujikuta wewe ndiye unayelipa.

Sasa notisi imekuja. Malalamiko ya kisasi hayaendi kwa ofisi ya jimbo itakayompigia simu mwenye nyumba. Yanafunguliwa mahakamani, kwenye Justice of the Peace, mahakama ndogo ya eneo ilipo nyumba. Mahakama hii husikiliza madai yasiyozidi dola 20,000, na unaweza kwenda bila wakili. Kama huna uwezo wa kulipa ada, omba fomu ya Statement of Inability to Afford Payment of Court Costs, ya kueleza kwamba huwezi kulipa gharama za mahakama, uijaze kwa ukweli.

Kosa linaloua kesi nyingi ni jina la mshtakiwa. Jina lililo kwenye bango la apatimenti mara nyingi si la mwenye mali. Una haki ya kumwomba meneja kwa maandishi jina na anwani ya mmiliki. Linganisha na rekodi za kodi ya ardhi za kaunti.

Kwenye madai, panga tarehe moja chini ya nyingine, kisha taja unachoomba: adhabu ya kodi ya mwezi mmoja pamoja na dola 500, hasara halisi, gharama za kuhama na za mahakama. Kodi ikiwa dola 1,150, adhabu peke yake ni dola 1,650. Kama unadaiwa kodi, itakatwa humo. Kwa nyumba yenye ruzuku ya serikali, hesabu hufuata kodi ya soko, si ile sehemu ndogo unayolipa wewe.

Kama mwenye nyumba amekutangulia kukushtaki utolewe, usikae nyumbani kusubiri. Nenda siku uliyotajiwa useme kwamba hiki ni kisasi. Huo ni utetezi unaotambuliwa. Lakini katika kesi hiyo huwezi kudai fedha zako, hivyo fungua yako pembeni. Ukishindwa, una siku 5 tu za kukata rufaa.

Akibadilisha kufuli, hata kama unadaiwa kodi, lazima akupe ufunguo mpya saa yoyote. Akikataa, omba writ of reentry, yaani amri ya kukurudisha ndani, mahakama hiyohiyo. Na kama ulilalamikia ubaguzi wa rangi, dini au nchi ulikotoka, HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu ya Marekani, hupokea malalamiko bila malipo ndani ya mwaka 1.

Msaada wa bure wa sheria upo kwa wenye kipato kidogo: Lone Star Legal Aid upande wa Houston, Legal Aid of NorthWest Texas upande wa Dallas, Fort Worth na Abilene. Mkalimani muombe mapema, siyo asubuhi ya kesi. Picha, meseji na kadi ya kijani zichapishe nakala tatu: ya hakimu, ya upande wa pili, na yako.