Mbwa Mwitu, Fisi na Mzoga wa Mbuzi: Ufafanuzi kwa Wafugaji Wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi

Malalamiko ya mifugo kuuawa na wanyama wakali yameongezeka katika vijiji vya tambarare ya Umba, chini ya Milima ya Usambara, na anayetajwa mara nyingi ni mbwa mwitu. Tunaielewa hasira ya mfugaji aliyeamka akakuta zizi limevamiwa. Hata hivyo, jina hilo limebebeshwa mengi: wapo wanaomchanganya na yule wa hadithi za Ulaya, ambaye hayupo nchini mwetu, na wapo wanaomwita hivyo hata mbwa koko. Mbwa mwitu wetu ana masikio mapana ya mviringo, vidole vinne katika mguu wa mbele, na mabaka ambayo hayafanani kwa wanyama wawili.

Mzoga wenyewe hueleza ni mnyama gani aliyeua. Mbwa mwitu huwinda kwa kundi, hasa alfajiri na jioni, na huanza kwa kupasua tumbo. Chui hukaba koo, kisha huburuta windo hadi kichakani au juu ya mti. Fisi huja usiku na kuvunja hata mifupa. Mbuzi aliyetolewa zizini usiku wa manane na kubakia kipande cha fuvu si kazi ya mbwa mwitu, na inachosha kulirudia jambo hili katika kila mkutano wa kijiji.

Ukikuta mzoga, usiufukie wala usigawe nyama yake. Funika nyayo kwa beseni ili zisikanyagwe na mifugo, kisha toa taarifa siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji, naye aifikishe kwa afisa wanyamapori wa wilaya kwa ajili ya ukaguzi na ujazaji wa fomu. Malipo yanayofuata huitwa kifuta jasho kwa hasara ya mazao au mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Hayo si fidia, wala hayafuati bei ya mnadani. Mfugo uliouawa ndani ya hifadhi haulipiwi, kwa kuwa kuuingiza humo ni kosa.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamruhusu mtu kuua mnyama anapolinda uhai au mali yake, mradi atoe taarifa. Ngozi, mkia na meno hubaki nyara za Serikali, yaani mali yake. Kutega sumu kwenye mzoga ni jambo jingine kabisa: ni uwindaji haramu, na sumu hiyo huua pia tumbusi na mbwa wako mwenyewe. Anayekutwa na nyara bila kibali anaweza kufungwa miaka isiyopungua 20, na kusema kwamba ulikiokota kipande cha ngozi njiani hakutakuokoa.

Jambo linalotuumiza zaidi ni magonjwa. Kati ya Desemba 2000 na Februari 2001, distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mbwa na jamaa zake, uliua mbwa mwitu 49 kati ya 52 waliokuwa wakitunzwa katika uzio Mkomazi kwa ajili ya kuzalishwa. Ugonjwa huo hubebwa pia na mbwa wanaofuata ng'ombe malishoni, na chanjo ya kichaa cha mbwa inayotolewa vijijini haiukingi. Muulize afisa mifugo wa kata kuhusu chanjo zote mbili, ya kichaa cha mbwa na ya distempa, kabla hujaruhusu mbwa wako waandamane na mifugo kuelekea mpaka wa hifadhi.