Bingwa mmoja au wanne? Hesabu ya kikapu cha sekondari Indiana

Mwaka 1997 jimbo la Indiana, Marekani, lilipata bingwa wake wa mwisho wa kikapu cha wavulana wa sekondari bila kujali ukubwa wa shule. Bloomington North iliifunga Delta 75-54, na kuanzia msimu uliofuata kukawa na mabingwa wanne, toka daraja la 1A la shule ndogo kabisa mpaka 4A la zile kubwa. Wasichana nao, ambao mashindano yao yalianza 1976, waligawanywa vivyo hivyo. Miaka imekwenda, lakini mtajie mzee wa Indiana habari hiyo uone atakavyonuna.

Kazi yangu ni takwimu za michezo, kikapu hasa, na swali hili naulizwa mara kwa mara: je, walikosea? Jibu langu ni kwamba ukubwa wa shule una uzito kweli, ila si kwa namna wengi wanavyodhani, na mipaka ya madaraja ilichorwa kwa kipimo kisichofaa.

Wanaopinga madaraja wana neno moja tu: Milan, shule ndogo ya huko Indiana. Mwaka 1954 shule 751 ziliingia kwenye mashindano hayo, zote kwenye kapu moja. Milan ilikuwa na wanafunzi 161. Kwenye fainali, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Butler mjini Indianapolis, ikakutana na Muncie Central, shule iliyoizidi karibu mara kumi. Robo ya nne, Milan ikiwa nyuma 26-28, Bobby Plump alisimama na mpira mikononi dakika nne na sekunde 13. Hakudunda, hakupasi, alisimama tu. Hakukuwa na saa ya kumlazimisha kurusha. Mwishoni, ubao ukisoma 30-30, Plump huyohuyo akamtoka mlinzi wake na kufunga. 32-30.

Watu huisimulia kama muujiza. Si muujiza. Kikosi kilekile, chini ya kocha Marvin Wood, kilikuwa kimefika nusu fainali ya jimbo mwaka mmoja kabla, na njiani 1954 kiliitoa shule ya Crispus Attucks yenye Oscar Robertson, nyota mkubwa wa NBA wa baadaye, wakati huo bado kijana mdogo. Attucks ndiyo ikatwaa ubingwa 1955 na 1956. Milan ilikuwa timu nzuri kwelikweli.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Kikapu kinahitaji watu wasio wa kawaida, na urefu ndio rahisi kuupima. Tuseme wavulana wa umri huo wana wastani wa sentimita 176, na mtawanyiko wa kawaida wa sentimita 7, yaani kama theluthi mbili yao hawapishani na wastani kwa zaidi ya sentimita 7. Shule yenye wavulana 80 utarajie mrefu wao wa kwanza awe na kama 193. Shule yenye wavulana 800? Kama 198. Sentimita tano tu! Hapo ndipo watu husema, basi, pengo si kubwa, wapambane.

Lakini usiishie kwa mrefu wa kwanza. Shuka mpaka wa tano: kwa shule ndogo ni 187, kwa kubwa ni 194. Shuka mpaka wa kumi: 184 dhidi ya 192. Pengo linapanuka kadiri unavyoteremka kwenye benchi. Yaani mchezaji wa kumi wa shule kubwa, yule anayeingia kupumzisha wenzake, analingana kwa urefu na nguzo ya shule ndogo. Na urefu nimeutumia kama mfano tu. Mkono wa kurusha, kasi na akili ya mchezo vinafuata hesabu hiyohiyo.

Kwa hiyo shule ndogo haikosi nyota, inakosa mtu wa sita. Nyota wake akipata faulo ya nne (ya tano ni kutoka) dakika tano kabla ya mwisho, kocha akigeuka nyuma anaona watoto waliojazia namba. Ndiyo maana pia mpira wa miguu wa Kimarekani, wenye wachezaji 11 na vikosi vinavyobadilishana, Indiana haikuupa kapu moja hata siku moja. Mashindano yake ya mtoano yalianza 1973 yakiwa tayari na madaraja. Kikapu kina watu watano, kwa hiyo nyota mmoja anafika mbali zaidi.

Turudi kwa Plump na zile dakika nne, maana wengi hupita hapo haraka. Kadiri mchezo unavyokuwa na mashambulizi machache, ndivyo bahati inavyopata nafasi. Timu bora ikishambulia mara 70, ubora wake utaonekana; ikishambulia mara 25, lolote linaweza kutokea. Mwaka 1928 katika jimbo jirani la Kentucky, Carr Creek, kishule cha milimani, kiliibana Ashland mpaka nyongeza ya nne kwenye fainali na kufungwa 13-11. Kumi na tatu kwa kumi na moja! Kuukalia mpira ndiyo silaha ya mnyonge. Kuanzia msimu wa 2022-23 shirikisho la kitaifa la michezo ya sekondari liliruhusu majimbo kuweka saa ya sekunde 35 ya kurusha. Mchezo unachangamka, sawa, lakini Milan ya leo ingenyang'anywa silaha hiyo.

Jambo jingine wanaolilia enzi za Milan hulisahau: shule za aina ya Milan zilikufa kabla ya madaraja. Sheria ya 1959 ilisukuma vijiji viunganishe shule zao, na kufikia 1997 zile 751 zilikuwa zimebaki chini ya 400. Ndogo zilizosalia zikajikuta peke yao kati ya majitu. Kwa hiyo bodi ya chama cha michezo ya sekondari, IHSAA, ilipopiga kura ya kuweka madaraja 1996 (12 kwa 5), na wakuu wa shule wakaithibitisha kwa 220 dhidi ya 157, walioshinda hawakuwa wendawazimu. Walichoka kutolewa raundi ya kwanza kila mwaka.

Tatizo ni namna walivyogawa. Mfumo ulipoanza, shule zilipangwa kwa idadi ya wanafunzi kisha zikakatwa robo robo. Ni rahisi, na mkubwa hawezi kulalamika. Ila kinachohesabika hapa ni uwiano. Tofauti ya wanafunzi 200 na 400 ni nzito kuliko ya 2,000 na 2,400. Ukikata robo robo, daraja la juu linakuwa na shule za elfu moja na kidogo pamoja na shule ya Carmel, ambayo leo ina zaidi ya 5,000. Mkuu wa ile ya elfu moja amepewa daraja, lakini hajapewa nafuu yoyote.

Halafu kuna shule binafsi. Hesabu yangu ya hapo juu inadhani shule inachota kwenye kijiji chake. Shule ya Kikatoliki mjini inachota mji mzima, hata kama wanafunzi wake ni 300. Mwaka wa kwanza wa madaraja, 1998, mataji mawili kati ya manne yalikwenda kwa shule za Kikatoliki: Lafayette Central Catholic 1A na Cathedral ya Indianapolis 3A. Jimbo la Illinois liliamua kuzidisha kwa 1.65 idadi ya wanafunzi wa shule zisizo na mipaka ya eneo, kabla ya kuzipanga kwenye madaraja. Indiana ikaja na dawa yake 2012: timu inayoshinda mno ndani ya miaka miwili inapandishwa daraja. Mimi naipenda hii ya Indiana, kwa sababu inatazama matokeo badala ya kukisia. (UMISSETA, mashindano ya sekondari ya kwetu Tanzania, imelikwepa swali zima: ngazi ya taifa hucheza mikoa, si shule.)

Gharama kubwa ya madaraja, kwa maoni yangu, haikuwa ubingwa wenyewe. Ilikuwa raundi ya kwanza. Zamani ulianza na jirani yako, mtu unayekutana naye dukani Jumamosi. Sasa unasafiri kaunti tatu kucheza na wageni wa saizi yako. Fainali ya 1990, nyota Damon Bailey akiwa na shule ya Bedford North Lawrence, ilijaza watu 41,046. Umati wa namna ile haujarudi. Mwaka 1998 na 1999 walijaribu kuwakutanisha mabingwa wanne wapate bingwa mmoja, wakaacha.

Kentucky hawajagawa hadi leo. Badala yake shule ndogo zina kombe lao la jimbo, All "A" Classic, linalochezwa Januari, kisha Machi zinaingia kwenye kapu la wote pamoja na wakubwa. Mwaka 2010 Shelby Valley, shule ya milimani, ilitwaa lile la Machi kwa kuifunga Ballard ya Louisville. Ningekuwa na kura Indiana, ningeipigia njia hiyo, nikijua kwamba makocha watalalamikia ratiba ya Januari, na watakuwa na haki.