Kesi ya Jane Wenham, 1712: shtaka la kuzungumza na paka

Jane Wenham wa kijiji cha Walkern, Hertfordshire, ndiye anayehesabiwa kuwa mtu wa mwisho kutiwa hatiani kwa uchawi na mahakama ya Uingereza. Wengi hudhani kesi hizi zilikoma kwa sababu watu walierevuka. Ukiifuata kesi yake utakuta wanakijiji bado wanaamini, na makasisi wanaamini vilevile. Aliyekuwa na mashaka ni jaji, na sheria ilimwachia upenyo mwembamba mno.

Wenham ndiye aliyekuwa mlalamikaji wa kwanza. Mkulima John Chapman alimwita mchawi, naye akaenda kushtaki kashfa kwa Sir Henry Chauncy, hakimu wa eneo. Shauri likapelekwa kwa kasisi Gardiner asuluhishe, akaamuru mama huyo alipwe shilingi 1. Jioni ileile Anne Thorne, mtumishi wa kasisi, ambaye goti lake lilikuwa limeteguka, akadai kuna nguvu iliyomkimbiza nje akaokote vijiti. Lawama zikamwangukia Wenham.

Vipimo vilivyofuata vilikuwa vya desturi. Thorne alimparura usoni, kwa imani kwamba kumtoa mchawi damu huvunja uchawi wake. Wakamchoma pini mkononi: damu isipotoka, ni dalili. Wakamtaka asome Baba Yetu: akikwama, ni dalili. Kikongwe aliyezingirwa na watu wanaomshinikiza akiri atakosaje kukwama? Mwishowe akakiri mbele ya kasisi Strutt.

Tarehe 4 Machi 1712 kesi ikasikilizwa Hertford mbele ya Jaji John Powell. Mashahidi walikuwa 16, watatu wao makasisi. Lakini mawakili walioandaa hati ya mashtaka waliacha mengine yote wakaandika moja tu: kuzungumza kwa mazoea na Ibilisi katika umbo la paka. Msomaji wa leo huliona shtaka hili jepesi, kumbe lilikuwa la kunyongwa. Sheria ya 1604 ilihukumu kifo kwa kule kuafikiana na pepo mchafu tu, hata kama hakuna aliyeugua wala kufa. Upande wa mashtaka haukuhitaji kuthibitisha madhara yoyote.

Powell alidai vielelezo. Alipoelezwa kuhusu manyoya ya kiajabu yaliyokutwa ndani ya mto wa kulalia wa Thorne, alitaka kuyaona; yalikuwa yameshachomwa. Hata hivyo juri, yaani raia walioapishwa kuamua kesi, likarudi na hatia. Akawauliza kama wanamtia hatiani kwa kuzungumza na Ibilisi katika umbo la paka, wakajibu ndiyo. Basi ilimbidi atamke adhabu ya kifo. Alichoweza ni kusimamisha utekelezaji, na ndicho alichofanya, hadi Malkia Anne akatoa msamaha. Wenham aliishi mpaka 1730, akitunzwa na wakubwa wa wilaya.

Mwaka 1717 huko Leicester, majirani 25 walitoa ushahidi wa uchawi dhidi ya Jane Clarke na wanawe wawili. Juri la awali, linaloamua kama kesi iendelee, likaitupa kabla haijasikilizwa.

Sheria ya 1604 ilifutwa na ile ya 1735, iliyoanza kutumika 1736. Kuanzia hapo kosa likawa kujidai kuwa na nguvu za uchawi, na adhabu yake kifungo cha mwaka 1. Ndiyo sheria iliyomfunga Helen Duncan miezi 9 mwaka 1944, kwa kujidai kuwaita wafu. Wanaomwita mchawi wa mwisho wa Uingereza wanachanganya sheria mbili zinazopingana.