Taunilandi: jina dogo linalomrudisha Muayalandi kwao

Ukimuuliza Mmarekani mwenye asili ya Ayalandi kwao ni wapi, wengi watakutajia nchi, wachache watakutajia kaunti, basi. Kwa anayemtafuta babu wa babu yake aliyepanda meli mwaka 1848, njaa kuu ya Ayalandi iliyoletwa na kuoza kwa viazi ikiwa imepamba moto, majibu hayo hayamfikishi popote. Anachohitaji ni taunilandi.

Taunilandi ni kipande cha ardhi chenye jina na mipaka yake, mgawanyo mdogo kuliko yote kisiwani humo. Zipo zaidi ya 60,000. Licha ya jina lake la Kiingereza, townland, lenye neno "town" ndani yake, si mji. Msomaji wa Tanzania atakumbuka kitongoji, na hatakuwa mbali, ila kitongoji huhesabu kaya ilhali taunilandi huhesabu ardhi: nyingine ni kilima kitupu kisicho na nyumba hata moja. Majina yake mengi ni ya Kiayalandi yaliyoandikwa kwa sikio la Kiingereza. Kil mara nyingi ni kanisa, Knock ni kilima, Derry ni msitu wa mialoni. Ndiyo maana Kilmore zimetapakaa nchi nzima, na kuijua Kilmore bila kuijua parokia yake ni sawa na kuambiwa fulani anakaa Majengo. Majengo ya wapi?

Jina la ukoo halitoshi. Murphy ndilo lenye watu wengi kuliko yote Ayalandi, na akina John na Patrick walijaa kila nyumba, kwa kuwa desturi ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume apewe jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Hilo Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa. Isitoshe, O' ya mwanzo iliangushwa na kurudishwa watu walivyopenda, hivyo Sullivan na O'Sullivan wanaweza kuwa wa tumbo moja.

Na nyaraka nazo zimepungua. Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea Dublin Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolikumba jengo la hifadhi. Zilizofuata, hadi ya 1891, hazikuungua: serikali yenyewe iliziharibu. Sensa kamili ya kwanza iliyosalia ni ya 1901, na kufikia hapo babu wa 1848 ama ni kikongwe Chicago ama keshazikwa.

Kinachoziba pengo ni Uthamini wa Griffith, orodha ya walioshika ardhi na nyumba iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864 ili kupanga ushuru wa kuwahudumia maskini. Imepangwa kwa taunilandi: mpangaji, aliyempangisha, ukubwa wa shamba, thamani yake. Ukikuta mkulima ana "nyumba, ofisi na ardhi", usidhani aliajiri karani. Ofisi hapo ni zizi na mabanda. Na penye John Murphy wawili, mmoja hutajwa pamoja na jina la baba yake: John Murphy wa Tim. Kasoro yake ni kwamba mke na watoto hawamo.

Sasa jina la taunilandi utalitoa wapi? Wengi hukosea hapa: wanakimbilia nyaraka za Ayalandi kabla ya kumaliza za ugenini. Anza alikofia. Orodha za abiria wa meli za wakati ule kwa kawaida huandika "Ayalandi" tu, lakini jiwe la kaburi linaweza kutaja parokia. Gazeti la Pilot la Boston lilichapisha matangazo ya ndugu wanaotafutana kuanzia 1831, na humo utakuta mtu katajwa kijiji chake na mwaka aliosafiri. Mimi ningewatazama zaidi wasimamizi wa ubatizo wa watoto waliozaliwa Marekani. Mgeni hakumwomba mpita njia amshikie mwanawe. Alimwita shemeji, au mtu wa kwao. Nyaraka za babu zikikaa kimya, za msimamizi huenda zikasema.

Ukishaipata taunilandi, unajua parokia, na rejista za Kikatoliki unazisoma bure mtandaoni kwa hisani ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi. Nyingi ni za Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William.

Kuna na madaftari ya marekebisho, yaliyofuata baada ya Griffith. Shamba lilipobadilisha mkono, karani alilikata jina la zamani na kuandika jipya kwa wino wa rangi nyingine, pembeni akaweka mwaka. Waliobahatika huukuta hapo ule mstari uliopita juu ya jina la babu yao, na mwaka wenyewe hauko mbali na ule wa meli.