Mpira wa bomba huchoka kabla ya bati

Mtu akinipigia simu Desemba kwamba nyumba inavuja, swali langu la kwanza huwa: "Bomba la hewa la choo limetokea wapi?" Mara nyingi doa la kwenye dari liko hatua mbili tatu tu kutoka hapo, kwa sababu maji hutambaa juu ya papi, zile mbao zinazoshika bati, kabla ya kudondoka. Bati lenyewe ni zima. Maji yanapita kwenye tundu tulilolitoboa sisi mafundi ili kupitisha bomba, waya wa antena, mabomba ya solar ya maji moto au dohani la jiko.

Tundu hilo huvishwa kola ya mpira. Juu ina umbo la koni linalobana bomba, chini ina kitako chenye ukingo wa alumini laini unaokunjwa kwa mkono ufuate migongo na mabonde ya bati. Ile nyeusi kwa kawaida ni EPDM, aina ya mpira wa kiwandani, na ni mpira mzuri. Lakini bati zuri linaweza kukaa miaka 30 na zaidi, wakati kola ikifika 15 imefanya kazi ya kiume. Mwenye nyumba akishaezeka huamini paa limekwisha, wala haambiwi na mtu kwamba kuna kipande kitakachohitaji kubadilishwa katikati ya safari. Hilo ndilo linaloniumiza.

Adui wa kwanza ni jua. Kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, na mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Siku isiyo na wingu, mpira wa hapa hupigwa kuliko wa Dar es Salaam, ingawa sisi tumevaa masweta. Adui wa pili ni kutembea kwa bati. Juni na Julai usiku ni baridi kali, mchana ukiligusa bati linachoma. Bati la mita 6, joto likibadilika nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 3. Bomba la plastiki, kwa urefu uleule, hurefuka mara nne au zaidi ya hapo. Kwa hiyo kila siku bomba na bati vinavutana, na shingo ya kola ndiyo inayovumilia.

Saruji haiwezi kuvumilia hivyo. Uyole, hapa Mbeya, nilikuta bomba limezungushiwa mota nene, imepigwa lipu vizuri kabisa.

"Fundi, si mnasema saruji haipitishi maji?" mama mwenye nyumba akaniuliza.

"Tuseme haipitishi, mama. Saruji imekaa palepale, bati ndilo linalotembea."

Nilipoibandua, chini yake bati lilikuwa limeliwa na kutu, kwa sababu saruji mbichi hula zinki, utando unaolilinda bati. Kazi ya kola moja ikawa kazi ya kola na bati zima.

Silikoni nayo ina mambo yake. Ile inayonuka kama siki usiipake kwenye bati, asidi yake inakula zinki. Ulizia isiyo na asidi. Na ukikuta silikoni ya zamani imechoka na kujaa vumbi, usirundike nyingine juu yake, haitashika. Kwangua yote, futa, kausha, ndipo upake.

Oktoba, kabla mvua hazijafungua, panda uangalie. Kanyaga penye mistari ya skrubu, ndipo papi zilipo, na usipande bati likiwa na umande. Bana shingo ya kola kwa vidole, hasa upande unaopigwa na jua zaidi. Ukiona nyufa nyembamba kama za kisigino kikavu, badilisha msimu huohuo. Ondoa majani yaliyokwama upande wa juu wa kola, maana yakijaa huwa bwawa dogo na maji hupanda juu ya ukingo. Rungwe, ambako mvua haipumziki kama inavyopumzika kwetu mjini, ningeangalia mara mbili kwa mwaka.

Kubadilisha si kazi ya siku nzima. Koni ikatwe tundu dogo kuliko bomba kwa karibu sehemu moja ya tano, ili libane lenyewe. Kola ikigoma kushuka, tumia maji ya sabuni, kamwe si mafuta ya injini, kwani mafuta huvimbisha EPDM. Kitako ukigeuze pembe moja ielekee juu, maji yakifika yagawanyike. Silikoni ikae chini ya ukingo, skrubu zifuatane kila sentimita 3 hivi, na za mabondeni zisisahaulike. Kama bomba halina mwisho ulio wazi, mfano la solar iliyokwisha kuunganishwa, zipo kola zenye mpasuko zinazofungwa ubavuni. Tundu jipya litoboe kwa drili. Cheche za grenda huunguza rangi ya bati, na chembe zake hugeuka madoa ya kutu baada ya mvua chache tu.

Kwa wa Njombe na Makete wenye dohani la chuma: kola nyeusi si yenu. EPDM huishia karibu nyuzi 115. Tafuteni ya silikoni, mara nyingi ni nyekundu, inayostahimili karibu 200, na mbao za papi zikae mbali na chuma hicho. Hapo tunazungumzia moto, si maji.

Halafu kuna simu za Julai. Mvua hakuna, lakini dari linadondosha maji alfajiri. Huo ni mvuke wa jikoni na pumzi za watu, unaogusa bati baridi na kugeuka maji. Hapo nafungua njia ya hewa darini, kola naiacha.

Nikimaliza kola mpya, huingia darini na penseli, nikaandika mwezi na mwaka kwenye papi iliyo jirani na bomba, fundi atakayekuja asianze kubahatisha umri wake.