Kujiandaa sio uchuro: dhana potofu kuhusu "kuwaza mazuri" kwenye majanga

Nimechoka na leo sitaficha. Juzi tena nilikuwa kwenye semina ya wafanyakazi wa ofisi moja hapa Dar, nikauliza kaswali kadogo tu, moto ukiwaka kwako saa nane usiku ufunguo wa grili uko wapi, dada mmoja akanyoosha mkono akasema "mshauri mbona unatuchuria, sisi hapa tunawaza mazuri tu", ukumbi mzima ukapiga makofi. Makofi jamani! Na hakuna hata mmoja aliyesema ufunguo uko wapi.

Kazi yangu ni ushauri nasaha, watu ninaokaa nao ni waliotoka kwenye mafuriko, moto, ajali za barabarani na za majini, kwahiyo hizi kauli nazisikia kila siku, nyingine kwa wahanga wenyewe, nyingi kwa ndugu zao wanaojifanya kuwapa moyo. Nitazipitia, ila hii ya kwanza mnivumilie maana ndiyo inayonimaliza kabisa.

DHANA: Kuwa na mawazo chanya ni kutowaza mabaya, ukiyawaza unayaita

Hapana. Hapana kabisa. Tarehe 3 Desemba 2023 asubuhi tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafunika mji wa Katesh, Manyara, na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Mvua ilikuwa imenyesha sana, sehemu ya mlima ikanyonya maji ikalegea ikaporomoka. Hapo ndani ya hiyo sababu mawazo ya mtu yanaingilia wapi? Mlima haukuchagua nyumba ya mwenye hofu ukaacha ya mwenye furaha.

Na ubaya wa hii dhana sio tu kwamba ni ya uongo, ubaya ni kwamba inamgeuza mhanga kuwa mkosaji. Sijui kama mnalijua hili. Mama amefiwa na mtoto kwenye mafuriko, anakaa mbele yangu, na swali linalomla usiku ni "au ni kwa sababu wiki ile nilikuwa naiogopa sana mvua, nilikuwa nasema maneno mabaya?" Nani amempandikiza hilo? Ni nyie na klipu zenu za motivesheni, mtu amevaa suti anatembeatembea jukwaani anasema chochote unachokiwaza kinakufuata. Mwambie aende akayaseme hayo kwenye msiba wenye majeneza matatu.

Sasa ngoja niwape mfano ninaoupenda kuliko yote. Kuna kisiwa Indonesia kinaitwa Simeulue. Mwaka 1907 kilipigwa na tsunami, watu wakafa wengi mno. Waliobaki wakaanza kuwasimulia watoto na wajukuu, wakaliita lile wimbi smong, wakawa wanaliimba mpaka kwenye nyimbo za kubembelezea watoto, kwamba ardhi ikitikisika kwa nguvu halafu ukaona bahari inarudi nyuma usishangae wala usiokote samaki, kimbilia mlimani. Karibu miaka 100 bibi anamwambia mjukuu habari za kifo kabla ya kulala. Kwetu huyo bibi angeambiwa anachuria ukoo. Basi, tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko likapiga jirani kabisa na hicho kisiwa, watu wakakimbilia juu, na kati ya wakazi zaidi ya 70,000 walikufa 7. Saba tu. Wakati Indonesia nzima, hasa mkoa wa Aceh hapo ng'ambo, waliokufa na kupotea ni zaidi ya 150,000. Lile wimbi lilifika mpaka pwani yetu, hata Dar kuna watu walikufa baharini, na Somalia karibu 300.

Wale wa Simeulue ndio watu wenye mawazo chanya, sio nyie. Maana chanya yao ni "likija najua pa kukimbilia", na ya kwenu ni "haliji".

Kuna mwanasaikolojia wa Kijerumani anaitwa Gabriele Oettingen, amekaa miaka mingi anachunguza hiki kitu na alichokuta kinawaudhi wengi: mtu anayejichorea picha tamu kichwani kwamba mambo yameshakuwa mazuri, mara nyingi anafanya kidogo kuliko yule aliyewaza lengo lake na kikwazo chake kwa pamoja. Picha tamu inaupumzisha mwili kama vile kazi imeshaisha. Ukishajiambia "kwangu hakutawaka" utanunua mtungi wa kuzimia moto wa nini?

Kingine ambacho hamkijui ni kwamba ubongo uliojaa hofu hautungi mpango mpya. Watu wanadhani siku hiyo watakuwa mashujaa, wapi, wengi wanaganda. Wanakaa, wanauliza wenzao "hivi ni kweli?", wanatafuta viatu, wengine wanaanza kutandika kitanda. Sio ujinga, ndivyo tulivyoumbwa, ubongo unatafuta kitu ulichowahi kukifanya na usipokipata unazubaa. Ndiyo maana ninasisitiza mazoezi mpaka watu wananichukia. Unaweza kusoma Zaburi yote au kujiambia "mimi ni mshindi" mara mia mbele ya kioo, kama mguu wako haujawahi kutembea kutoka kitandani mpaka mlangoni gizani, siku ya moshi mguu hautajua njia.

Kwahiyo narudi kwenye grili, na sitaacha. Nyumba zetu tumezifunga nondo madirisha yote, mlango una grili, grili ina kufuli, ufunguo wa kufuli leo uko juu ya friji kesho kwenye mkoba wa mama keshokutwa kauchukua dogo aliyerudi usiku. Mwizi haingii, sawa, na wewe hutoki. Msumari mmoja, ukutani, karibu na mlango ila mkono wa mtu wa nje usiufikie, ufunguo unalala hapo kila siku na kila mtu wa nyumba hiyo anaujua akiwemo dada wa kazi na mtoto wa darasa la pili. Jumamosi moja zimeni taa, inameni chini maana hewa ya kuvutika iko chini moshi uko juu, mtambae mpaka mlangoni, mtoto afungue mwenyewe. Watacheka, wacheke tu. Na namba ya zimamoto ni 114, kaikariri, usiniambie ipo kwenye simu, simu iko chaji chumba kingine.

Halafu maji. Maji yanayokimbia yakiwa sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, 30 zinainua gari dogo, 60 zinabeba karibu gari lolote hata hiyo Landkruza unayoringia. Lakini nenda Jangwani hapa Dar siku ya mvua uone, mtu anapandisha suruali anasema "Mungu yupo" anaingia. Mungu yupo ndiyo, na daraja limefungwa pia.

Hapo kwenye Mungu najua mtanirukia, kwamba kujiandaa ni kukosa imani. Nuhu alijenga safina kukiwa kukavu kabisa na hakuna mchungaji anayehubiri kwamba alikuwa na mawazo hasi. Na ndugu zangu Waislamu wanaijua habari ya yule aliyeambiwa mfunge ngamia kwanza ndio umtegemee Mwenyezi Mungu. Yameisha hayo.

Na msiniambie vimbunga ni vya watu wa Msumbiji na Madagaska. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, mwaka 1952 kikaipiga Lindi. Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) walitangaza mapema, boti za Zanzibar zikasimamishwa, watu stetasi zao zimejaa vichekesho, baadaye barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika huko Somanga tukaanza kuulizana kumetokea nini. Hapohapo kwenye boti, abiria anayesikiliza maelezo ya laifujaketi ndiye anayeonekana mshamba. Basi bora niwe mshamba.

DHANA: Usilie, jikaze, kuna waliopoteza zaidi yako

Hii inasemwa na watu wenye upendo kabisa ndiyo maana inauma kuikosoa, ila iacheni. Aliyepoteza nyumba ukimwambia "shukuru uhai" unakuwa umemwambia anyamaze. Atanyamaza kweli, na wewe utaenda kusema anaendelea vizuri. Na kwa wanaume ndio usiseme, baba wa watu kafukua matope siku mbili kwa mikono akitafuta familia, anakuja mjomba anamwambia "kaza, wewe ndio kichwa cha nyumba". Kichwa cha nyumba nacho kina macho, na macho yanatoa machozi.

Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ina mambo matatu tu, angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama yuko salama, ana maji, ana kitu cha kujifunika. Sikiliza bila kumhoji. Muunganishe na ndugu zake na huduma. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Stevan Hobfoll na wenzake walikaa wakaandika vitu vitano vinavyomsaidia mtu baada ya janga kubwa: kujisikia salama, kutulizwa, kujiona kwamba yeye na jamii yake wanaweza, kuwa na watu wake, na tumaini. Tumaini limo, tena mimi silipingi hata kidogo, lakini tumaini la mtu aliyesombewa nyumba halitoki kwenye maneno, linaanza pale anapopewa simu yenye salio ampigie mama yake, pale anapoambiwa kitambulisho cha NIDA kilichopotea kinapatikanaje upya na leseni ya biashara aanzie ofisi gani. Ukitaka kumtia moyo mpangie foleni, hiyo ndiyo dua ninayoielewa mimi.

DHANA: Lazima aongee yote siku hiyohiyo, atoe ya moyoni

Wengine nao wamekwenda upande wa pili. Kambi ya wahanga inajaa watu wenye vitambulisho shingoni, kila anayekuja anamwambia mama wa watu hebu tusimulie ilikuwaje, anasimulia mara sita kabla ya chakula cha mchana. Shirika la Afya Duniani halishauri kabisa kumkalisha mtu aliyetoka kwenye tukio na kumfanya alisimulie lote kwa kikao kimoja eti ili asije akaumwa, haimkingi na wengine inawaumiza. Akitaka kuongea msikilize, asipotaka kaa naye menya viazi. Waandishi wa habari na nyie mnisikie.

DHANA: Wiki mbili zimepita bado anashtuka usiku, huyo ameshachanganyikiwa

Wala. Kushtuka, kuota, kukosa hamu ya kula, kulia bila mpangilio, hizo wiki za mwanzo ni kawaida, na wengi wanarudi sawa wenyewe wakiwa na watu na usingizi. Baada ya tetemeko la Kagera Septemba 2016 watu walilala nje wakaitwa waoga, wakati nyumba zina nyufa na matetemeko madogo yanaweza kufuata. Huo ulikuwa uoga wenye akili. Kinachotakiwa kukupeleka kwa mtaalamu ni ikizidi mwezi na hali haipungui, hawezi kazi, hawezi kulea, ameanza pombe, na akisema tu anataka kufa hapo usisubiri mwezi wala wiki, nenda naye hospitali leo.

DHANA: Kwenye janga kila mtu na lwake, watu wanageuka wanyama

Wezi wapo, siwatetei. Ila mara nyingi wanaokuokoa kwanza ni majirani na wapita njia kabla ya gari lolote la king'ora. Ndege ilipoangukia Ziwa Victoria pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, wavuvi ndio walioiwahi kwa mitumbwi yao, 24 wakatoka hai. Kwahiyo jirani yako msalimie jamani, mjue kwa jina na namba yake ya simu uwe nayo, maana anayejua bibi yako analala chumba gani ni yeye, zimamoto hawajui.

DHANA: Watoto hawaelewi, tuwaambie baba amesafiri

Wanaelewa, tena wanasikia mnavyonong'ona jikoni. Mtoto asipoambiwa anatunga mwenyewe, na anachotunga mara nyingi ni kwamba kosa ni lake, kwa sababu siku ile alikataa kula au alimjibu baba vibaya. Mwambie kwa maneno machache ya kweli, baba amekufa, maji yalikuwa mengi, sio kosa lako, utakaa na mimi na bibi, Jumatatu utaenda shule. Atauliza swali lilelile kesho na keshokutwa, mjibu vilevile bila kubadilisha. Na akianza kucheza mchezo wa mafuriko na wenzake uani, wanazamisha vikombe kwenye beseni, msimpige wala msimwambie anachuria.