Karma yoga: kutenda bila kudai matunda

Mtaani neno "karma" limeshakuwa kitu cha kutishana: umemdhulumu mtu leo, kesho karma itakupata. Katika Kisanskriti, karma maana yake ya kwanza ni tendo tu. Kinachofuata tendo huitwa phala, yaani tunda. Na yoga, ambayo wengi tunaijua kwa kujinyoosha juu ya mkeka, inatokana na mzizi wenye maana ya kufunga nira, kama ng'ombe wanavyofungwa kwenye jembe. Karma yoga basi ni kuifunga nira kazi yenyewe ili ikupeleke kwenye moksha, ukombozi kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa.

Fundisho hili limekolea zaidi katika Bhagavad Gita, sura 18 zilizomo ndani ya Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu. Arjuna, mpiga upinde hodari, anafika uwanja wa vita wa Kurukshetra, na upande wa pili anamwona babu yake Bhishma na mwalimu wake Drona. Mikono inamlegea. Anasema afadhali aishi kwa kuombaomba. Mwendesha gari lake la vita ni mungu Krishna, na mtu angetarajia amsifu kwa huruma hiyo. Hamsifu. Anamwambia kwamba hakuna awezaye kukaa hata dakika moja bila kutenda. Hata mwili wenyewe hautunziki kwa kukaa bure.

Ubeti unaonukuliwa kuliko yote ni wa 47 katika sura ya 2: haki yako ni juu ya tendo, kamwe si juu ya matunda yake. Wanaoupenda ubeti huu husahau mwisho wake, unaokataza pia kushikamana na kutotenda. Kwa hiyo si ruhusa ya kufanya kazi ovyo. Beti tatu mbele Gita inasema yoga ni umahiri katika matendo. Mpigaji penalti anayewaza magazeti ya kesho ndiye anayepaisha mpira.

Wahenga wetu walisema tenda wema wende zako, usingoje shukrani. Gita inakubali, kisha inadai zaidi. Unaweza kusamehe shukrani na bado moyoni ukajipigia makofi: mimi ndiye niliyetenda. Huyo "mimi" anaitwa ahamkara, na kwa Gita ndiye kamba yenyewe. Tendo la tamaa, hata likiwa jema, humfunga mtendaji, kwa kuwa analidai na lenyewe linamdai. Anayeliweka kama sadaka huwa kama jani la yungiyungi: liko majini, lakini maji hayalilowanishi. Nadhani hapa ndipo ugumu wote ulipo. Kuacha mshahara ni rahisi kuliko kuacha sifa.

Je, kutenda hivyo kunatosha kumwangazia mtu? Wafafanuzi wa Gita wenyewe wamebishana. Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, alishikilia kwamba matendo husafisha moyo tu, na kinachokomboa ni maarifa. Aliyeyapata hana tena wajibu wa kutenda. Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India aliyeandika maelezo yake ya Gita akiwa mfungwa wa Waingereza huko Mandalay, Burma, na kuyachapisha mwaka 1915, alipinga: hata aliyeangazwa anabaki kazini. Gandhi naye aliipa tafsiri yake ya Kigujarati jina la Anasaktiyoga, yoga ya kutoshikamana, na akaisoma vita ya Kurukshetra kuwa ni ile inayopiganwa ndani ya moyo.

Anayewasumbua wanaotaka kuiacha dunia na kukimbilia msituni ni mfalme Janaka. Gita inamtaja kwa jina kuwa alifikia ukamilifu kwa njia ya matendo, na Shankara alilazimika kumtolea maelezo. Janaka hakuvua taji. Alikaa ikulu, akatawala, kwa ajili ya kile Gita inachokiita lokasangraha: kuushikilia ulimwengu usisambaratike.